Maneno Mawili ya Mama Pasi

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kusimama nasi: watoto wa marehemu waliniomba niandike ukurasa mmoja. Nimejitahidi, lakini mnanijua. Walio nyuma sogeeni kidogo, na wenye karatasi msikimbilie mwisho. Twendeni pamoja.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Oktoba 1957, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala ambalo marehemu baba yetu alikuwa mlinzi wake. Alibatizwa Jumapili tarehe 27 mwezi huohuo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ndiye anayewasomea. Mama alisimulia kwamba siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na nguo za mtoto hazikukauka, ikabidi bibi azikaushe kwa pasi ya mkaa, kichanga akavishwa zikiwa bado na joto. "Ndiyo maana huyu haogopi pasi," Mama alisema. "Walijuana siku ya kwanza."

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akapata Komunyo ya Kwanza Jumapili tarehe 28 Mei 1967. Mwalimu wake wa katekisimu alikuwa mzee mwenye pumu, na kwa sababu ya pumu hakupenda sala ndefu. Aliwaambia watoto: "Sala ndefu ni ya mwenye nafasi. Mwenye kazi ana sala fupi. Irushe kama mshale. Mshale hausifiwi kwa urefu, unasifiwa kwa kufika." Akawafundisha kwamba kengele inapolia na Padre anapoinua Hostia, kila mtu anong'one, "Bwana wangu na Mungu wangu."

Sasa, mpiga kengele wa siku zile alikuwa mtu wa haraka. Aligonga mara tatu kama anayefukuza kuku, akanyamaza. Dada alipofika "Bwana wangu," kanisa lilikuwa kimya, naye aliona haya kusikika peke yake. Basi nusu ya kwanza aliisema kwa mdomo, nusu ya pili akaimalizia moyoni. Akaizoea hivyohivyo maisha yake yote. Shikeni jambo hilo, ndugu zangu, tutalihitaji mbele.

Nami nikiri hapahapa. Nilipokuwa na miaka minane niliisoma litania yote ya Bikira Maria sebuleni, bila karatasi, bila kukosea hata jina moja. Mama akasema, "Vizuri." Kisha akamgeukia Dada, aliyekuwa anakunja shuka na kunong'ona maneno yake mawili, akasema, "Mtoto huyu anasali!" Nililala nimenuna. Kwetu wivu haukuanza na shemeji yangu, ila yeye aliufanyia kazi zaidi.

Tarehe 4 Februari 1974 Dada aliajiriwa katika duka la dobi lililokuwa nyuma ya posta, akapewa meza ya kwanza karibu na dirisha. Meza ya pili ilikuwa ya mwenzake ambaye yupo nasi hapa, Bi Wanga. Aliitwa hivyo kwa sababu ya wanga wa kukazia kola. Ule wanga mwingine wa kuruka na ungo hauhusiki, ingawa wateja walitania. Hao wawili walifanya kazi bega kwa bega miaka arobaini na moja.

Aliyewahi kumwona Dada akipiga shati pasi hakusahau. Alinyunyiza maji kwa vidole, akalikunja shati lipate unyevu, akaanza na kola. Kola kwanza, kutoka ncha kuelekea katikati, upande wa ndani kisha wa nje. Halafu mabega, halafu mikono, na mwili mwisho. Alipomaliza kola, kabla hajagusa mabega, aliweka kiganja chake juu yake, akasema, "Bwana wangu." Kisha akavuta pumzi, na ndani ya ile pumzi akamalizia. Alifanya hivyo kwa kila shati. La hakimu, la mchinjaji, la mlevi ambaye mama yake alilileta ili mwanawe akaombe kazi. Bi Wanga alimuuliza kwa nini kola. Akajibu, "Kola inakaa kooni, na koo ndiyo njia ya maneno yote ya mtu, mema na mabaya. Nikiiombea kola nimemwombea yote."

Zipo nyingine fupi alizozitumia. Akivuka barabara, "Malaika wangu, tangulia." Akisikia king'ora cha gari la wagonjwa, "Yesu, fika kabla yao." Akipokea habari mbaya, "Mama, shika huku." Maziwa yakifurika jikoni, "Yesu na Maria!" Lakini yale mawili ya kola ndiyo yaliyokuwa yake, na ndiyo yaliyoleta maneno.

Mwezi Septemba 1979 mguu wa meza yake ya pasi ulivunjika, akaitwa fundi seremala. Akaja kijana mrefu, penseli sikioni, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Randa. Mguu ule ulitengenezwa kwa siku nne. Bi Wanga anasema ilikuwa kazi ya nusu saa. Siku ya nne Dada akamuuliza, "Fundi, mguu una tatizo gani?" Akajibu, "Mguu mzima, mimi ndiye siwezi kusimama." Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 26 Aprili 1980, saa nne asubuhi, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Haya yanayofuata shemeji yangu ameniruhusu niyasome. Niliposita aliniambia, "Andika, shemeji. Usipoandika nitasimama niyaseme mwenyewe, na mimi sijui kufupisha."

Alasiri moja ya Julai 1981 alikwenda dukani kurekebisha bawaba ya dirisha la nyuma. Alikuwa amechuchumaa nje chini ya dirisha, misumari mdomoni, aliposikia sauti ya mkewe, sauti ya chini, laini kuliko aliyowahi kuisikia nyumbani: "Bwana wangu." Kisha kimya. Kisha pumzi ndefu.

Akatema misumari. Akachungulia. Mkewe alikuwa ameweka kiganja juu ya kola ya shati jeupe lenye mistari ya buluu, macho ameyafumba. Shati la mwanamume. Na shati lile halikuwa la Fundi Randa, kwa maana Fundi Randa hakuwa na mistari.

Alingoja mkewe aende kuchota maji, akaingia, akasoma kikaratasi kilichobanwa kwenye shati: Karani, Posta, dirisha la pili.

Ndugu zangu, wapo watu ambao wakishikwa na wivu hulewa, wapo wanaopiga. Shemeji yangu alinunua stempu. Kesho yake asubuhi alipanga foleni dirisha la pili, akanunua stempu moja ili amtazame karani vizuri. Akakuta mtu wa makamo, kichwa kimeanza upara, miwani imefungwa kwa uzi. Akatoka nje akasimama kwenye ngazi za posta akijiuliza mtu huyu ana nini ambacho yeye hana. Kesho yake akarudi kutazama tena. Alifanya hivyo siku ishirini na tatu za kazi. Fundi Randa hakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Jamaa zake wote walikaa mitaa miwili kutoka kwake.

Siku ya ishirini na tatu karani alimkatia stempu kabla hajafungua mdomo.

"Fundi, samahani lakini," karani akasema. "Unamwandikia nani kila siku?"

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe."

"Mimi?"

"Shati hilo. Kalipiga pasi nani?"

"Dobi wa hapo nyuma. Yule binti mwenye kidoti shavuni." Karani akatabasamu, maskini, hakujua anakanyaga wapi. "Mungu ambariki. Nikivaa shati lake siku nzima najisikia kama mtu ameniwekea mkono begani."

Watu wa kwenye foleni wanasema shemeji alizidi kuwa mrefu. Lakini aliweka stempu mfukoni, akageuka, akaenda moja kwa moja nyumbani, akakaa kwenye kiti akiwa na kofia kichwani mpaka mkewe aliporudi kazini.

"Mke wangu," akasema, "bwana wako nani?"

"Wewe."

"Na yule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Yule unayemwita ukishika shati la karani. 'Bwana wangu.' Nimekusikia kwa masikio haya mawili. Mimi tangu tuoane hujaniita hivyo hata siku moja! Mimi naitwa 'fundi', naitwa 'wee', naitwa 'hebu shika hapa'."

Dada alimtazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na kadiri alivyocheka ndivyo shemeji alivyozidi kuiva. Alipopata pumzi alisema, "Jumapili, usisimame mlangoni na wenzako mkihukumu mpira. Utakaa na mimi benchi la mbele. Halafu utajua bwana yule ni nani."

Jumapili ikafika. Shemeji alikaa benchi la mbele, amekakamaa kama shahidi mahakamani. Padre akainua Hostia, kengele ikalia, na kulia kwake, kushoto kwake, nyuma yake, vibibi, walimu, wauza duka, karani wa posta mwenyewe safu ya tatu, wote wakanong'ona, "Bwana wangu na Mungu wangu." Na pembeni yake mkewe akanong'ona nusu, akavuta pumzi, pumzi ileile ya dirishani.

Walipotoka nje Dada alimuuliza, "Umemjua?"

"Nimemjua."

"Na roho imetulia?"

"Imetulia wapi! Afadhali angekuwa karani," shemeji akasema. "Karani ningemkunja kola yake. Huyu nitamkunja nini?"

Sisi tulicheka, tukadhani yameisha. Hayakuisha. Mtu aliyemwonea wivu karani kwa siku ishirini na tatu alimwonea wivu Mwenyezi Mungu kwa miaka arobaini na mbili. Hakuwa akikufuru, kila anayemjua anajua ni mtu mcha Mungu. Alitaka jambo moja tu: mkewe amwite "bwana wangu" hata mara moja, kama wanawake wengine wanavyowaita waume zao barabarani bila hata kufikiri. Na Dada, ambaye alimpikia, akamfulia, akamcheka, akamlilia, hakumwita hivyo. Baada ya watoto alimwita "Baba watoto". Kwa watu alimtaja "mwenzangu". Maziwa yakifurika alimwita Yesu, na shemeji, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, alisema, "Na mimi nipo, kama kuna nafasi."

Nilikuwapo kwao siku moja ya mwaka 1992 alipomuuliza waziwazi. Alikuwa anapaka gundi kwenye mguu wa stuli.

"Mke wangu, neno lile unaninyimia nini?"

"Neno lile lina mwenyewe," Dada akasema. "Ni kama kiti. Mtu ameshakaa."

Shemeji aliinua kichwa. "Kiti ni cha mmoja. Lakini mimi ni fundi, nayajua na mabenchi."

Dada alicheka, akachukua shati la mumewe kwenye kamba, akaenda nalo chumbani kulipiga pasi, akafunga mlango. Mashati ya mumewe aliyapiga pasi akiwa amefunga mlango, au huko dukani. Shemeji alijua kwamba kila kola ya mji huu imepewa neno. Ya kwake hakujua imepewa nini, au kama imepewa. Hilo ndilo lililomkereketa. Alikuwa anaona watu kanisani wamevaa mashati safi akafikiri, huyu kaombewa, yule kaombewa, na mimi?

Lakini wivu nao una baraka zake. Ndio uliomfundisha shemeji yangu kusali. Waliofanya naye kazi karakana wanasema alianza kunong'ona juu ya randa. Siku moja mwenzake alisogea akasikia: "Bwana, wewe unao malaika wengi. Niachie huyu neno moja." Kisha akasukuma randa. Kila ubao, sala ileile. Mwalimu wa katekisimu angekuwa hai angempa alama zote.

Dada alistaafu mwishoni mwa mwaka 2015, akaendelea kupiga pasi nyumbani kwa ajili ya watu wake na vitambaa vya altare. Alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2009 na alilitii kwa dawa. Jumatano tarehe 3 Machi 2021, saa tatu asubuhi, alipatwa na kiharusi akiwa anakunja kitambaa cha altare. Alilazwa siku kumi na tisa. Upande wa kulia ulilegea na maneno yote yakatoweka: majina ya watoto, maji, chakula, ndiyo, hapana. Yalibaki mawili. "Bwana wangu."

Daktari alitueleza kwa upole kwamba hutokea hivyo, kwamba yale mtu aliyoyasema maisha yake yote huweza kubaki wakati mengine yamekwenda. "Maneno mengine yalikuwa kabatini," alisema. "Haya yalikuwa mlangoni."

Basi Dada akarudi nyumbani na maneno mawili, na kwa hayo aliendesha nyumba nzima. Akitaka maji, "Bwana wangu." Akitaka kugeuzwa, "Bwana wangu," kwa kuvuta. Mjukuu akivunja kikombe, "Bwana wangu!" Na shemeji, ambaye alifunga karakana ili amwuguze mwenyewe, aliitikia "Naam" kila mara. Wiki za kwanza alikuwa kama bwana harusi. Aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, akiona haya kufurahi katika nyumba ya mgonjwa, "Miaka arobaini na moja, shemeji. Naitwa kutwa."

Kisha wivu ukamrudia. Itakuwaje kama si yeye anayeitwa? Siku moja akaamua kupima. Alimlaza vizuri mkewe, akasema, "Natoka kidogo," akajibanza nyuma ya mlango. Akangoja. Kimya. Akaanza kutabasamu. Dakika mbili, tatu. Ndipo chumbani, bila mtu hata mmoja, ikaja sauti ileile ya dirishani, "Bwana wangu," na pumzi ndefu.

Akaingia jikoni akamwambia binti yake mkubwa, "Nimeibiwa tena."

Binti yake ni muuguzi, hana mzaha na wagonjwa wala na wazima. Akamwambia, "Baba, wewe itikia tu. Kama si wewe unayeitwa, Mwenyewe hatakukasirikia."

Tangu siku hiyo aliitikia yote, bila kuuliza. "Bwana wangu." "Naam." Tangu kiharusi hadi mwisho ilikuwa miaka mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja. Jirani zetu wanasema walizoea, kama saa ya ukutani.

Jumatatu tarehe 13 Mei 2024 Dada alipata mpako wa wagonjwa. Asubuhi ya Jumanne tarehe 14, shemeji alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, kwa hiyo kola ilikuwa imesimama upande mmoja na kulala upande mwingine. Akakaa kitandani. Dada alitazama msalaba wa ukutani, ambao mumewe aliuchonga, akasema, "Bwana wangu."

"Naam," shemeji akaitika.

Dada akageuza uso. Akainua mkono wa kushoto, ule uliokuwa na nguvu, akaishika ile kola mbaya, akainyoosha kutoka ncha kuelekea katikati, akaweka kiganja juu yake. Akasema tena, "bwana wangu." Hakuondoa mkono. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi saba, na alikuwa katika ndoa miaka arobaini na minne na siku kumi na nane.

Siku mbili shemeji hakutaka kula. Sisi tulidhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi, lakini kulikuwa na mwiba ndani yake. Jumatano jioni aliniambia. "Aliita mara mbili, shemeji. Kwa miaka mitatu kila alipotaka kitu aliita mara moja, nikampa. Siku ile ameita mara mbili, akanishika. Kuna kitu alikitaka nikashindwa kukielewa. Amekwenda bila kupata."

Nilimsogezea bakuli la uji.

Alhamisi asubuhi Bi Wanga alikuja na blanketi lake la kupigia pasi chini ya kwapa. Alisema shati la mume wa Mama Pasi la kuvaa mazishini halipigwi na mtu mwingine. Akatandika meza chumbani, dirisha wazi. Shemeji alikuwa uani, amekaa chini ya dirisha, kichwa ameinamisha. Na kama ilivyokuwa Julai ya mwaka 1981, akasikia pasi ikitua, kola ikigeuzwa, na sauti ya chini: "Bwana wangu." Kimya kidogo. Kisha tena: "bwana wangu."

Akasimama akaingiza kichwa dirishani. "Bi Wanga, mbona mara mbili?"

"Si shati lako hili?" Bi Wanga akasema. "Namfuatisha marehemu. Watu wote aliwaombea mara moja. La kwako mara mbili. Miaka yote. Hukujua?"

"Sikujua."

"Hee! Nami nilidhani ni kwa sababu mashati yako yana gundi, hayanyooki. Nikamtania, 'Huyu fundi wako kakunjamana kiasi hicho, mpaka aombewe mara mbili?' Akaniambia, 'Ya kwanza ni ya mwenye mbingu. Ya pili ni ya mwenye shati.'"

"Lini? Alisema hivyo lini?"

"Mwaka uleule uliotengeneza mguu wa meza. Mlikuwa hata hamjaoana."

Nilikuwapo, nikaona. Shemeji alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Kumbe lilikuwa benchi."

Bi Wanga akanitazama kwa hofu, akidhani majonzi yamempanda kichwani. Nikamwambia amwache. Shemeji alikuwa analia na kucheka. Mara akanyamaza, akafuta macho kwa mkono, akauliza, maana kuacha tabia ni kazi, "Lakini mimi nilikuwa wa pili?"

"Wa pili kati ya wawili," Bi Wanga akasema. "Wengine wote hatukupata hata kiti."

Nami nikamuuliza Bi Wanga kuhusu mashati yangu, mimi mdogo wake wa tumbo moja, ambaye nilimpelekea mashati kila wiki tangu nianze kazi. Akasema, "Mara moja, kama la karani." Mbele ya jeneza hili nakiri, niliona wivu.

Ijumaa nilipeleka maandishi haya kwa mchapaji. Alisoma, akanyoosha kalamu, akasema, "Mzee, hapa mmekosea. Mmeandika 'Bwana wangu, bwana wangu.' Moja ina B kubwa, nyingine ndogo. Niweke ipi?" Nikampigia simu shemeji. Akasema, "Mwambie aache hivyohivyo. Yule kubwa, mimi ndogo. Lakini asiiondoe." Ninyi mnaosikia hamtajua tofauti, kwa masikio ni neno lilelile, na kwa miaka arobaini na mbili ndilo lililomtesa mtu mzima. Wenye karatasi tazameni: zipo mbili, zimekaa pamoja.

Marehemu ameacha mume, Fundi Randa; watoto watatu, muuguzi, fundi umeme na mwalimu; wajukuu watano; mdogo wake mmoja; Bi Wanga, ambaye ni dada kwa kila namna isipokuwa damu; stempu ishirini na tatu kwenye kopo la misumari, ambazo hazikubandikwa barua yoyote; na kola za watu wengi katika mji huu, wengine bado mmezivaa leo.

Tutakaposhusha jeneza naomba tumwombee kwa namna yake, kwa ufupi, tukiweka mkono kwenye kola zetu. Tuseme wote pamoja, "Bwana wangu." Tuseme mara moja tu, halafu tunyamaze. Ya pili si yetu. Ya pili tumwachie mwenye shati.

Dada, pumzika kwa amani kwake Yeye uliyemwita kwanza. Huyu wa pili tutakutunzia.